Katikati ya Mikataba

Bwera,
Alhamisi, 25 Oktoba 2018

Makomredi wapenzi, wana wa jasho moja na ahadi moja!

Naona kalamu imeanza kwa wingi, kama ilivyozoea tangu siku zile nilipokuwa nikipanda juu ya meza ya bwalo la chuo na kuhutubia watu mia nne bila kumeza mate. Niwie radhi, Tsongo. Barua hii ni yako peke yako. Wengine watazisikia habari zake, lakini wewe uzisikie kwanza, kwa sababu wewe ndiwe unayekusudia kuweka barua ya kuacha kazi mezani pa mkuu wako wa shule, Madamu Tumusiime, Jumatatu hii, na mimi ndiye niliyekufikisha hapo.

Kabla ya hayo, hamjambo nyote hapo Bugoye? Shemeji Mackline anaendeleaje na mimba yake, na ile miguu iliyokuwa ikivimba jioni imetulia? Wanafunzi wako sitini bado wanagombania zile kompyuta kumi na mbili, au mto Mubuku umefurika tena na umeme ukawapa likizo? Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu sana. Siku hizi mtu havuki mpaka wa Kongo kabla hajanawa kwa maji ya dawa na kupimwa joto kwenye paji la uso, kwa ajili ya Ebola iliyoko ng'ambo, lakini wanunuzi wake kutoka huko bado wanamjia siku za soko. Juzi Jumanne mmoja wao alimpapasa samaki mkavu wa ziwani Hamukungu, akalalamika kwamba “samaki hii ilikauka sana, mama, iko sawa na sandali.” Mama akamjibu kwamba basi avae mguuni aende nayo, mguu wa pili atamwongeza bure. Mwanamke yule alicheka, akanunua kikapu kizima. Kwa hiyo tunaishi.

Barua yako niliipokea tarehe tano. Zimepita wiki tatu kasoro siku moja, na simu zako zote nimeziacha zilie. Usidhani nilikuwa mgonjwa. Nimechagua karatasi kwa kuwa kwenye simu mimi hugeuka kipaza sauti: nikisikia tu pumzi ya msikilizaji, naanza kuhutubia. Na hotuba zangu, ndugu yangu, ndizo zilizotuletea hasara hii.

Uliniandikia kwamba umechoka kufundisha watoto kufungua na kufunga mashine. Kwamba mwishoni mwa muhula utaiacha kazi, na pamoja nayo nyumba ya shule, uhamie Kasese na kuishi kwa mikataba kama mimi. Ukaniomba nikugawie mmoja tu wa kuanzia, kwa kuwa mimi ninayo hadi sina nafasi ya kupokea wageni. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ninajua ulikoitoa, na ni lazima nikueleze ilivyozaliwa.

Mkataba wangu wa mwisho, Tsongo, uliisha tarehe kumi na mbili Januari. Ulikuwa ule wa kuwajengea watu wa shirika moja la Kampala mfumo wa kuandikisha wakulima wa kahawa. Siku ya kuukabidhi walinipigia makofi, wakasema awamu ya pili ingeanza Machi. Machi walisema mfadhili anatafakari. Mei hawakusema kitu. Tangu hapo nimetuma maombi thelathini na saba, na nimejibiwa manne, yote ya kunishukuru.

Sisi chuoni tulizoea kuuita ukosefu wa ajira adui, tukauchora mabangoni ukiwa na meno. Mimi nimeishi nao miezi tisa, na sijauona uso. Mfanyakazi wa ofisini hufukuzwa; kuna siku, kuna barua, kuna watu wanaomsikitikia langoni. Mtu wa mkataba hafukuzwi na yeyote. Meza inabaki ile ile, mashine ile ile, na asubuhi anakaa pale pale. Kilichoondoka hakikuaga. Kwa hiyo hata huzuni huanza kwa kuchelewa, na aibu inatangulia kufika.

Nilijiwekea utaratibu, maana bila utaratibu ningeoza. Saa mbili kamili niko mezani, nimeoga, nimevaa kama mtu anayekwenda ofisini. Hadi saa sita nilikuwa natafuta zabuni na kuandika maombi. Mchana nilijifunza lugha mpya ya programu, nikamtengenezea mama mfumo wa kukokotoa bei ya samaki, ambao hajawahi kuutumia, kwa sababu yeye humaliza hesabu kabla mashine haijawaka. Huo ulikuwa mpango mzuri na niliushika hadi Juni. Kuanzia Juni, komredi, nilikuwa nacheza karata na kompyuta. Nilivaa, nikakaa saa mbili kamili, nikacheza karata.

Sasa sikiliza uwongo ulivyoingia, maana haukupitia mlangoni. Unamfahamu Mzee Swalik, jirani yetu mwenye Fuso la kubeba chumvi na mihogo. Siku moja mwezi wa Aprili alisimama uani kwetu akinitania. Aliuliza kama wale polisi niliokuwa nikiwapigia kelele chuoni wamenifunga nyumbani, mbona hanioni nikisafiri kwenda Kampala kama zamani. Watoto wa jirani walikuwepo, mama alikuwepo. Mimi, niliyewahi kumwambia mkuu wa chuo ukweli mbele ya wageni wake, sikuweza kumwambia dereva wa lori kwamba sina kazi. Nikakimbilia Kiingereza. Wasomi wa Kampala wana namna yao ya kulisitiri jambo hili: husema wako kati ya mkataba na mkataba, yaani mmoja umeisha na mwingine haujaja. Nikaitafsiri haraka haraka, kwa Kiswahili changu cha mikutanoni, nikasema, “Niko katikati ya mikataba, mzee.”

Wewe ni mwalimu, unajua alichosikia. Mtu aliye katikati ya watu amezungukwa na watu. Mtu aliye katikati ya mikataba, je? Mzee Swalik alipiga kofi moja la furaha, akamgeukia mama. Akamwambia, “Mama Marita, mutoto yako mikataba ilimuzunguka pande yote, hana hata njia ya kutokea! Na wewe bado unamutuma maji?”

Ningeweza kusahihisha. Lilihitajika neno moja tu: sina. Lakini nilimtazama mama usoni, Tsongo, na uso wake ulikuwa umefunguka kama ulivyofunguka siku ya mahafali. Nikanyamaza.

Kesho yake alitundika kitenge chake kizuri mlangoni pangu kiwe pazia. Aliniondoa kwenye zamu ya kupalilia shamba la Karambi, akaenda mwenyewe, na miaka yake sitini na mbili. Bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki vilikuja kuwekwa kizingitini kimya kimya, kama sadaka. Watoto wakicheza mpira aliwatimua akisema, “Tokeni hapa, Marita iko katikati!” Na neno likashika mtaa. Muuza mkaa alikuwa akipita ananong'ona, “Iko katikati?” Mama anajibu, “Iko.” Kanisani walinitolea shukrani kwa jina. Nami nyuma ya kitenge nilikuwa nikiweka karata juu ya karata, malkia juu ya mfalme, nikipunguza sauti ya mashine ili mama asisikie jinsi inavyolia mtu anaposhinda mchezo.

Mwezi wa Julai nilikuja Kasese kwenye mkutano wetu wa makomredi, ghorofani kwa mwenzetu Phionah. Serikali ilikuwa imeanza kutoza ile kodi ya kila siku ya mitandao, na mnakumbuka jinsi nilivyoiunguza kwa maneno. Nilisema, “Mimi ninayekula kwa jasho la mtandao nawaambieni, acheni kungoja mishahara ya kuhesabiwa, vunjeni minyororo ya kengele ya shule na kitabu cha mahudhurio!” Mlisimama wote. Wewe ulisimama wa kwanza. Wakati ule nilikuwa nakula kwa jasho la samaki wa mama.

Halafu ile Jumapili ya Agosti. Ulikuja Bwera bila kutoa taarifa, mkononi una nanasi la Mackline. Mama alikukaribisha uani, akakupa kiti, akakueleza kwa upole kwamba huwezi kuniona, kwamba nina mikataba hadi natia huruma, kwamba hata Jumapili hawaniachi. Ulimuuliza kama ni kweli mtu anaweza kupata kazi nyingi namna hiyo akiwa amekaa Bwera. Mama alisema, “We angalia tu hilo pazia, mwanangu.” Ulingoja karibu saa nzima. Nilisikia kila neno. Nilikuwa hatua nne kutoka kwako, nimekaa kitandani, nimeshika viatu mkononi nisije nikakanyaga sakafu ikalia. Ulipoaga, ulisema kwa sauti, ili nisikie, “Kaza buti, komredi, nasi tunakuja.” Nanasi tulilila kwa siku mbili.

Kama mambo yangeishia hapo, ningeomba radhi kwa kiburi na kuweka kalamu chini. Yapo mengine, na ndiyo niliyoogopa kuyaandika.

Barua yako ilipofika, mstari wa mwisho ulisema kwamba Madamu Tumusiime atahitaji mwalimu wa kompyuta kuanzia Februari. Uliandika hivyo kwa kumwonea huruma. Mimi sikumaliza kukunja karatasi. Nilikaa mezani, na kwa mara ya kwanza tangu Juni vidole vyangu vilikimbia. Niliandika maombi ya kazi, Tsongo. Ya kazi yako. Nilisema nina shahada, nina uzoefu, ninapenda vijana, ninaheshimu kengele. Nilisema niko tayari kukaa kwenye nyumba ya shule.

Siku tatu baadaye nilipanda hadi Bugoye saa za vipindi, nikijua uko darasani, nikampelekea Madamu kwa mkono wangu. Aliisoma polepole, kisha akaniuliza kama Tsongo anajua. Nikasema ndiyo. Akasema hawezi kulijaza pengo ambalo halijatokea. Atasubiri umwandikie wewe kwanza.

Sasa unaona kwa nini sikupokea simu zako. Kila siku niliyonyamaza, nilikuwa nakungoja uondoke. Sikukusukuma, nilikuacha tu uende, na kwa mtu aliyetumia ujana wake wote kulaani wanaonyamaza kwa faida yao, sina jina jingine la kujipa. Nimejaribu kujitetea kwamba ni njaa. Si njaa. Mama hajawahi kuninyima chakula. Nilitaka kuitwa kwa jina langu kwenye orodha fulani saa mbili asubuhi, basi.

Jana nimerudi kwa Madamu. Nimemweleza kwamba nilimdanganya, na kwamba wewe hujui kitu, na kwamba unaacha kazi kwa kuamini mikataba isiyokuwepo. Nikamwomba anirudishie maombi yangu. Alisema haiwezekani: barua ikishapigwa muhuri wa kupokelewa imeingia faili, na faili ya shule haitoi kitu. Kama nataka kujiondoa niandike barua nyingine, nayo itapigwa muhuri. Niliiandikia palepale dirishani pa karani. Madamu aliigonga, akatikisa kichwa, akasema katika miaka yake yote hajawahi kupata mwalimu anayejiuzulu kabla ya kuajiriwa. Kisha akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikalia, na karani akatoka nje. Nakala yake yenye muhuri nimeitia katika bahasha hii.

Mama nilimwambia usiku huo huo. Aliniuliza jambo moja tu: mchana kutwa nilikuwa nafanya nini mle ndani. Nilipomwambia ni karata, alishusha pazia, akalikunja, akasema Jumamosi asubuhi ana magunia mawili ya maharagwe ya kupura Karambi na mimi nitapura la kwanza. Hajasema zaidi, nami sijathubutu kuomba zaidi.

Sikuandikii ili nikuamuru ubaki. Nimekuamuru vya kutosha kwa maisha yako yote. Yawezekana umechoka kweli, na yawezekana mkono wako ungepata ambacho wangu haukupata. Lakini ukiiweka barua ile mezani Jumatatu, uiweke ukijua kwamba sina mkataba wa kukugawia, sijawahi kuwa nao mwaka huu, na Shemeji Mackline asifungashe hata sahani kwa ajili ya maneno yangu. Umsomee yeye barua hii. Asipotaka kuniona kwa muda, atakuwa na haki yake.

Bahasha hii anakuletea Mzee Swalik mwenyewe kesho Ijumaa. Naye nimemwambia ukweli, na amenisamehe haraka mno, kwa sababu anasema hata yeye lori lake likiharibika huwaambia watu liko safarini. Wasalimu walimu wenzako, msalimu Shemeji kwa heshima zangu zote, na mama anasema nanasi lilikuwa tamu.

Keshokutwa, Jumamosi tarehe ishirini na saba, tunakutana ghorofani kwa Phionah, Kasese, saa nane mchana. Ratiba inasema Komredi Marita atahutubia juu ya kujiajiri. Nitasimama niwasomee haya uliyoyasoma, bila meza ya kupanda. Lakini mimi, nikitoka kupura, nitakuwa nimefika saa saba, kabla ya makomredi wote, ukitaka kuniuliza chochote kabla hawajaja. Saa saba, Tsongo.

Ni mimi aliyekukosea,
Marita Kabugho