Hata Samaki wa Mama Achieng' Walikufa

Nyalenda, Kisumu
Jumapili

Mama mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na yule ng'ombe mkaidi amekubali kukamwa na mtu mwingine asiye wewe. Mvua imefika huko? Huku ni joto na mbu tu. Mwili wangu hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Utashangaa kwa nini ninaandika na simu ninayo. Ni kwa sababu kwenye simu nimekudanganya mara tatu. Kila ulipouliza habari za Kariuki nilikuambia ana shughuli nyingi dukani. Mama, Kariuki hayuko Kisumu. Hii ni wiki ya tatu tangu aondoke, simu yake imezimwa, na sijui aliko. Aliyemfukuza ni mimi, ingawa sikumwambia aende.

Unajua kazi yangu ni kuwapimia watafiti maji ya ziwa, na kwamba ndugu yangu alinifuata huku akafungua duka la chakula cha samaki pale Kondele. Wewe samaki huwataki, unasema wananuka, lakini huku watu huwafuga ziwani ndani ya vizimba vya wavu, kama sisi tunavyofuga kuku. Miezi miwili iliyopita samaki wa kikundi kimoja cha akina mama, upande wa Bondo, walikufa wote kwa siku moja. Tulipofika walikuwa wanaelea, na akina mama wamekaa ufuoni wakiwatazama.

Tulikwenda watu watatu, kila mmoja na dhana yake. Daktari wa samaki alishuku ugonjwa. Mkemia alishuku chakula. Mimi nilishuku maji: kwamba upepo ulilivuruga ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu, samaki wakakosa pumzi. Katika kazi hii hukumbatii dhana uipendayo. Unaziweka zote mbele yako, halafu unatafuta jambo moja litakaloiangusha hii na kuiacha ile imesimama. Wewe ulifanya hivyo ndama alipoharisha. Ulibadilisha nyasi kwanza, maji ukayaacha vilevile, ili ujue kosa liko wapi. Hukusomea popote.

Daktari hakuona ugonjwa. Mimi nilipima hewa ndani ya maji nikakuta inatosha. Mkemia akakuta kuvu kwenye gunia la chakula, na gunia lilitoka kwa Kariuki.

Sasa sikiliza kosa langu. Mashua tunayokodi ni ya wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, nao hawakupi mpaka washushe omena wao, wauze, waoshe mashua. Kwa hiyo miaka yote sisi hupima maji saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Lakini hewa ya majini hupungua kabisa alfajiri, kisha jua likiwaka mimea midogo ya ziwani huirudisha. Hilo nililijua, Mama. Nimewafundisha wengine. Ila ningewaambia turudi tukapime alfajiri, na anayeshukiwa ni ndugu yangu wa tumbo moja, wangesemaje? Mgeni ni kuku mweupe. Niliogopa kuonekana namtetea mtu wetu, nikaitia ripoti sahihi.

Ripoti ilisomwa pale ufuoni. Hakuna aliyemtukana Kariuki. Waliacha tu kununua kwake, na wale waliokuwa wakimsalimia wakawa wanaangalia kando. Jioni moja alikuja kwangu, akangoja nimmiminie chai ndipo akauliza, "Wambui, wewe unaamini ni mimi?"

Nilimjibu kama karani. "Vipimo ndivyo vimesema."

Akamaliza chai, akaosha kikombe chake, akatoka. Sijamwona tena.

Baada ya hapo sikuweza kukaa. Nilirudi ufuoni peke yangu, nikaenda kwa Mama Achieng', mama mwenye kizimba kimoja kidogo, hayumo kwenye kikundi. Yeye huwalisha samaki wake omena anaowasaga mwenyewe. Nilimuuliza samaki hao wanaendeleaje.

"Samaki yangu pia ilikufa, madam. Siku ile ile," alisema. "Na mimi sijawahi nunua chakula kwa huyo kijana. Lakini hakuna mtu aliniuliza."

Swali moja, Mama. Hata mashine halihitaji.

Upepo kama ule ulipovuma tena niliwaomba wavuvi wanipeleke alfajiri kabla hawajashusha chochote. Walinung'unika lakini walinipeleka. Hewa ilikuwa karibu hakuna. Nimempelekea mkubwa wetu matokeo. Hakubisha, alisema masahihisho yataingia kwenye ripoti ijayo. Sikungoja. Nilikwenda mwenyewe kuwaambia akina mama wa kikundi. Walinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha mmoja wao akauliza, kwa upole kabisa, kama huyo Kariuki si ndugu yangu. Nikasema ndiye. Wakatazamana, wakanishukuru kwa kuja. Nililia njia nzima ya kurudi.

Nisalimie Shosho, umwambie nyanya yangu huyo dawa za macho nitamtumia. Nisalimie mjomba Macharia na watoto wake, na shangazi Wangeci ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii. Shangazi, soma yote, usiruke.

Kwa Kariuki situmi salamu. Nina msamaha wa kumwomba, na nikiuandika hapa utakuwa karatasi nyingine yenye sahihi yangu. Kama yuko hapo nyumbani, na amewakataza msiseme, vunjeni ahadi hiyo kwa ajili yangu. Nitumieni neno moja tu, nije.

Mwanao,
Wambui