Maikrofoni Moja Utaichanganya na Nini

Nairobi, Jumapili baada ya misa

Mdogo wangu Masele,

Nakusalimu wewe na wifi yangu. Baba na Mama wafikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana huko mbele kuna ugomvi. Sisi huku tunalala na kuamka salama. Kulwa na Doto wamepona surua, baba yao bado ni mlinzi wa ghala lile lile, na maji mtaani kwetu hutoka siku mbili kwa juma, kwa hiyo nakuandikia huku madumu yangu yakiwa kwenye foleni. Baba anakula nini sasa? Uji unapita? Hilo hukuliandika. Uliandika kurasa tatu juu ya miksa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimwita mume wangu aje tucheke pamoja. Unataka kuuza maksai wote wawili upate miksa ya kurekodia nyumbani, kwa sababu ati ulimrekodi Baba na sauti haikukubali. Basi ngoja nikuambie mimi, ninayefagia na kuchemsha chai kwenye chumba cha kurekodia muziki mwaka wa nne huu. Miksa ni meza ya vitufe. Kazi yake ni kukusanya sauti za maikrofoni nyingi, hii ipande, ile ishuke, zote ziingie kwenye utepe mmoja. Wewe una redio kaseti na maikrofoni moja. Hiyo moja utaichanganya na nini, Masele? Na mlio wa mbuzi?

Usidhani uko peke yako katika ujinga huu. Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja wa hapa mjini, kabeba miksa aliyoletewa na shangazi yake kutoka Ulaya, ati anafungua studio chumbani kwake. Ana gitaa moja. Alikuja kumuuliza fundi wetu kwa nini mashine yake inavuma. Kutwa anazungusha vitufe, na alichopata ni mvumo ule ule, mkubwa zaidi. Fundi akaing'oa miksa, akachomeka maikrofoni moja kwa moja kwenye mashine, mvumo ukaisha. Kijana akanuna kama aliyeibiwa.

Sasa tuje kwako. Unaandika kwa majivuno kwamba ulimfungia Baba kwenye ghala la pamba, ukaziba dirisha kwa blanketi, ukawafukuza watu wote ili kuwe kimya, na Baba akaimba mistari miwili akanyamaza. Wewe umezaliwa nyumba ya nani? Baba ni ningi, kiongozi wa nyimbo za kulima. Maisha yake yote anatoa mstari, watu wanaitikia, majembe yanashuka. Humo ghalani alitoa mstari, akangoja kuitikiwa, akatazamwa na magunia. Ungekuwa wewe ungeendelea? Halafu unasema kinachokosekana ni kitufe.

Mwezi uliopita walikuja kina mama wa kwaya, na miksa yetu ilikuwa imeharibika. Fundi alisimamisha maikrofoni moja katikati, akachora alama za chaki sakafuni. Anayeongoza hatua mbili, waitikiaji hatua saba, na yule mwenye sauti kali nyuma ya wote. Akasikiliza, akawasogeza, akasikiliza tena, na kaseti ikatoka safi. Najua kwa sababu chaki ile niliifuta mimi, nimepiga magoti.

Kwa hiyo fanya hivi, na usijifanye fundi. Palizi ya pamba haijaisha. Siku kikundi cha palizi kitakapokuja shambani kwetu, mkalishe Baba kwenye kigoda mbele ya mstari, maikrofoni hatua mbili kutoka kinywani mwake, na wapaliliaji waanzie mbali nyuma. Wakimkaribia sana, msogeze mbele na maikrofoni yake. Tia betri mpya, jaribu kwanza. Majembe yasikike. Maksai wabaki zizini.

Nakuwa mkali kwa sababu wewe unajifanya una muda. Daktari wa misheni alisema baada ya Pasaka watampasua Baba koo, na hakuficha kwamba sauti haitarudi. Ukipeleka maksai mnadani Kahama, kisha ukae kungoja miksa ishushwe kwenye treni Isaka, utakuja kurekodi nini? Mimi sitafika, ruhusa nimenyimwa. Naogopa, Masele. Sauti ile sijaisikia miaka minne, sasa naambiwa imebakiza wiki chache, na iko mikononi mwako wewe.

Nisalimie shangazi muuza dagaa wa Nkome, katekista wetu, na binamu yetu kondakta wa basi la Mwanza hadi huku Nairobi. Huyo kondakta ndiye umkabidhi kaseti, mkononi.

Hili la mwisho ni la Baba. Unajua anavyomtaja kwa jina, katika wimbo, anayebaki nyuma kwenye mstari, mpaka watu wanacheka na majembe mikononi. Mimi alinitaja kila palizi tangu nianze kushika jembe, na nilikuwa nalia kwa aibu. Mwambie anitaje. Aseme Kabula ni mvivu, kalitupa jembe kaenda kuwapikia watu chai. Asinihurumie hata kidogo.

Ni mimi dada yako,
Kabula, Mama Kulwa