Shaba Uliyoinunua

Laurel, Maryland,
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Method,

Pokea salamu toka huku ambako baridi imeanza kubisha hodi. Hamjambo hapo Mtwara? Shemeji yangu Violet anaendeleaje? Na Mama, miguu imeacha kuvimba? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Kusugua boti za watu kutwa nzima kumenimaliza mgongo, na siku nyingine nikirudi nalala na viatu.

Picha ya boti yako nimeiona. Imependeza, hongera. Nilifurahi, kisha nikaikuza nizitazame zile koki za chini zinazoingiza maji ya kupoza injini, na raha ikaniisha.

Unasema muuzaji alikuapia kwamba ni shaba tupu. Hakukudanganya, tatizo ni neno letu. Sisi chochote cha njano kinachong'aa tunakiita shaba, lakini kuna iliyochanganywa na zinki na kuna iliyochanganywa na bati. Nilimwonyesha picha Kuria, Mkenya ninayefanya naye kazi gatini, akaguna: "Hii ni brass, bro, si bronze. Kwa maji ya chumvi haitalast."

Ile ya zinki, kama yako, chumvi huila kimyakimya. Kwa nje unaiona nzima, kumbe ndani imebaki kama biskuti. Ya bati huota ukijani kidogo tu na kuendelea na kazi. Juzi nimefungua koki moja ya aina hiyo iliyomzidi umri mwenye boti, ikazunguka bila ubishi.

Basi nakuomba, usiishushe boti baharini. Najua umeshatangaza, na Mama ameshashonesha gauni la safari ya kwanza. Kubishana nawe kwenye simu kumenichosha, maana kila mara unaniambia nimekuwa Mzungu mwoga. Ndiyo sababu nimempa jirani yangu Genoveva, anayekuja huko likizo, barua hii pamoja na koki mpya za shaba ya bati.

Ndani ya mfuko utakuta na moja kuukuu ya zinki. Tuliitoa kwenye boti iliyozama ikiwa imefungwa gatini, maji yametulia. Naogopa, Method, nakwambia wazi. Kama bado huniamini, ivunje kwa vidole vyako, Mama akiona.

Nisalimie Violet na mjomba Clement. Mungu awatunze nyote, na awaweke nchi kavu mpaka koki zibadilishwe.

Wako akupendaye hata ukininunia,
kaka yako Laurean