Sauti Yangu Pale Kwenye Jino

Mpendwa Bi Sunnvá,

Naomba unisaidie kabla kondoo hawajateremshwa, maana orodha ya watu wa mlimani inafungwa Jumapili ijayo na jina langu limo.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili, nauza rangi za nyumba hapa mjini Tórshavn, tumbo langu hufika kila mahali kabla yangu, na miaka ishirini na sita tangu nihame Hamardalur sijaacha kukililia kijiji chetu, hata mke wangu Bjørg nikitamka tu "kule kwetu" yeye huinuka akaenda kukunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Mwaka juzi nilining'iniza paja la kondoo kwenye roshani ya ghorofa ya tatu likauke kwa upepo kama nyumbani, jirani akasikia harufu, akabisha hodi na kuuliza kwa upole kama tumefiwa. Dukani nimebandika picha ya Jino, lile jabali lililochomoza ukingoni mwa genge, kwa sababu kwetu kila nyumba yenye fungu la malisho hutoa mtu mmoja siku ya kuteremsha kondoo, na kila nyumba ina mahali pake pa kusimama. Babu alisimama Jino, baba akasimama Jino, na baba alipofariki nikarithi mimi, nikawaambia wateja wote, hata waliokuja kununua brashi tu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Bjørg halijui. Oktoba iliyopita tulipokwisha kupanga mstari wa kuwaswaga kondoo, ukungu ulishuka, nikawa sizioni buti zangu mwenyewe, nikaisikia bahari ikipiga chini yangu, chini kabisa, na miguu ikakataa. Nilikaa kitako nikateremka kwa makalio kama mtoto, hatua sitini hivi, mpaka kwenye ukuta wa mawe, nikaukumbatia. Na kwa kuwa niliona haya, Bi Sunnvá, niliendelea kuita, "Hooo, Jino! Hooo, Jino!", ili wajue nipo.

Anayesimama baada yangu ni binamu yangu Eyðun. Kwenye ukungu mtu hapimi kwa macho, anapima kwa sauti ya mwenzake. Akaisikia sauti yangu imeshuka, naye akashuka ili mstari usiachane, kondoo wakapenya juu yetu, akakimbia kuwazuia, akateleza korongoni. Mguu ulivunjika mahali pawili. Tulimsikia akilia lakini ilichukua saa nzima kumpata, na hatua nne kutoka alipolala hapakuwa na ardhi tena.

Kila mtu analaumu ukungu. Nilipokwenda kumwona, alinishika mkono akasema, "Kama si sauti yako, binamu, ningepotea kabisa." Nikanywa kahawa yake, nikala keki ya mkewe vipande viwili, nikarudi mjini.

Juzi dada yangu Marjun kanipigia. "Wamekuandika Jino tena," kasema. "Na Eyðun anapanda, na fimbo yake."

"Si angesimama chini mwaka huu?"

"Tumemwambia. Anasema yeye atakaa karibu na wewe, sauti yako anaiamini. Wewe je, utakuja? Au goti limeanza tena, mzee wa mjini?"

Silali vizuri. Nikisingizia goti, Eyðun atapanda hata hivyo na kumfuata mwingine. Nikienda, naijua miguu yangu. Nikisema ukweli, nitakuwa mtu asiye na kwao, na mimi sina kitu kingine cha kupenda zaidi ya pale. Nifanye nini?

Muuza Rangi, Tórshavn

*

Ndugu yangu Muuza Rangi,

Majina ya kijiji, ya jabali na ya watu wote nimeyabadilisha, kwa maana ulivyoandika, mama yangu angekutambua kabla hajavaa miwani. Jibu hili nimekutumia nyumbani kwako kwanza. Gazetini halitoki mpaka kondoo wawe zizini. Eyðun asije akayapata haya kwenye karatasi wakati anamenya viazi.

Kuogopa si kosa, na hapo usijitese. Mimi mwenyewe nilipanda genge la kisiwani kwetu mara moja tu, nikiwa mwembamba na mwenye maneno mengi, nikashushwa nimeshikwa mkanda wa suruali kama mzigo wa majani. Mpaka leo nikishuka kivukoni kuna mzee huniuliza kama nimekuja na mkanda. Nimezoea. Ajabu ni kwamba nisipomkuta huwa namtafuta.

Kosa lako ni kuita jina la mahali usipokuwepo. Na samahani nikikuchokoza, lakini hilo umelifanya miaka ishirini na sita. Umesimama dukani kati ya makopo ya rangi ukiita "Jino, Jino", na watu wakaamini upo huko. Kijiji unachokililia hakikuwahi kukudai kitu. Hiki cha kweli kinakudai, na ndiyo maana kinakutisha.

Kwa hiyo kesho, usingoje keshokutwa, ingia garini. Siku hizi barabara inapita chini ya bahari, huna hata mawimbi ya kusingizia. Usimpitie Marjun kwanza, atakupikia na utaanza kula badala ya kusema. Nenda kwa Eyðun, kataa keki, mwambie: niliogopa, niliacha Jino, niliita kutoka ukutani. Kisha nyamaza. Huenda akakufukuza. Huo ni mguu wake, ana haki. Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe, na wewe usimwombe siku hiyo hiyo.

Akikufukuza asikufukuze, usirudi mjini. Nenda kwa msimamizi wa mstari, mweleze hayo hayo, mwombe aweke mwingine Jino na jina lako aliandike langoni mwa zizi, kushika madume pembe. Huko kila mwaka watu hawatoshi, maana ni kazi ya kuchafuka na haipigwi picha. Tumbo lako litafaa. Dume hatakusogeza kirahisi.

Watakucheka mpaka Krismasi, pengine mpaka uzikwe. Mgeni hawamcheki hivyo, wanamkaribisha tu kahawa.

Ile picha ya dukani ibandue kabla hujaondoka. Na siku yenyewe ukungu ukishuka, ukimsikia Eyðun huko juu akiuliza nani yuko wapi, usione haya. Vuta pumzi, paza sauti yote uliyo nayo, useme: "Langoni. Mimi niko langoni."

Wako, Sunnvá