Saini Yangu Kwenye Daftari la Binti Yangu

Mwenzangu, uko wapi? Nimetoka shuleni sasa hivi. Nimejikalia kwenye ngazi za saluni, hata kitana siwezi kushika.

Lile daftari la mazoezi ambalo mzazi anatakiwa kulisaini kila Ijumaa, kumbe binti yangu ananisainia yeye. Muhula mzima! Saini yangu ileile, na mkia wake.

Nikapandwa na mori. Nikasema mbele ya mwalimu, "Leo huyu atanitambua!" Mwalimu akaniambia taratibu, "Mama, soma kwanza."

Kumbe hasaini tu. Anaandika na maoni ya mzazi! "Hongera mwanangu." "Mwandiko umependeza." Mimi haya sijawahi kumwambia. Mimi nikirudi ni "umeosha vyombo?" basi.

Mwalimu akamuuliza kwa nini. Akajibu, "Mama yuko peke yake, anachoka. Sikutaka kumsumbua."

Wiki aliyofeli hesabu, unajua aliandika nini? "Usilie. Jumapili tutafanya pamoja."

Jumapili ile naikumbuka. Alinifuata saluni na daftari mkononi, nami namsuka mteja. Sikumtazama hata usoni. Nikamwambia, "Usinisumbue."