Kwa Dada Kabula, Aliyenifundisha Kuziita Safu kwa Majina

Dada Kabula,

Shikamoo. Ni miezi minane sasa naingia ofisini asubuhi sina mtu wa kumwamkia. Meza yako wameiwekea mashine ya kuchapa, nami nakaa palepale pangu, mgongo kwenye dirisha linalotazama reli. Mchana nakula peke yangu. Niliwahi kurudi kwa yule mama ntilie wetu, akaniuliza uko wapi. Nikamwambia umehama. Sijaenda tena.

Unakumbuka nilivyokuja? Nimetoka Mamboya na cheti changu cha takwimu, najua kuingiza data na si zaidi. Mradi ulikuwa unapima maji ya visima vya vijijini, na faili letu lilikuwa pana: kila mstari wiki moja, kila safu kisima kimoja. Siku ya kwanza nilikuwa nanakili amri ileile, nabadilisha jina la kisima, nanakili tena. Ulisimama nyuma yangu ukaangalia mpaka kisima cha sita, ndipo ukavuta kiti. Ukanionyesha jinsi ya kuiambia kompyuta ichukue orodha ya majina ya safu, iende jina mojamoja, na kwa kila jina ihesabu wiki ambazo maji yalikutwa machafu. Mistari mitatu tu. Nilipouliza kitu hicho kinaitwaje, ukasema wenyewe wanaita lupu, ila wewe mtoto wa wafugaji utakiita kitanzi, kama cha kumfungia ndama. Tulicheka mpaka bosi akachungulia.

"Usizipitie safu kwa namba," uliniambia. "Safu ya tatu leo, kesho inaweza kuwa ya nne. Ziite kwa majina."

Nililiandika neno hilo kwenye daftari. Kulifuata ndiko kulikonishinda.

Ilikuwa ile wiki uliyokwenda Msowero kumsaidia mama kuvuna mpunga. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Majina ya safu yalikuwa marefu, mengine yamekosewa herufi, na kila nikiendesha kitanzi kinagoma katikati. Nikachoka. Nikaiambia kompyuta ihesabu kuanzia safu ya pili hadi ya ishirini, kama mwezi uliopita, kisha majina ya visima nikayabandika mwenyewe pembeni kutoka kwenye ripoti ya zamani. Sikujua kwamba mpima maji alikuwa ameongeza kisima kipya katikati ya faili. Kuanzia hapo, matokeo ya kila kisima yakaangukia kwenye jina la jirani yake. Kisima cha mnadani kule Msowero, chenye maji machafu, kikasomeka safi. Cha kanisani, ambacho hakikuwa na tatizo lolote, kikafungwa kwa mnyororo, na watu wake wakahamia mnadani.

Mama yako alikuwa anachota mnadani.

Ulikaa naye hospitali siku nne, anahara na kutapika, na uliporudi hukukaa hata kupumzika. Ulifungua faili. Niliuona mkono wako ukisimama. "Damari," ukasema taratibu, "umetumia namba." Nikasema ndiyo. Ukaanza kuyapanga majina upya, na mimi ningependa ungenigombeza.

Bosi alituita wote wawili akauliza nani aliyeandika ile kazi. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Nilikuwa najipanga kusema, dada, naapa nilikuwa najipanga, ila wewe ukatangulia. "Uchambuzi nausimamia mimi," ukasema. Ilikuwa kweli, ingawa si hilo alilouliza. Yeye akalichukua kuwa ndilo jibu, nami nikamwachia alichukue.

Mkataba wako haukuongezwa. Siku ya kuondoka nilikubebea boksi lako hadi stendi. Ulinisisitiza nisiwe naruka chakula cha mchana. Njia nzima neno la kukiri lilikuwa mdomoni mwangu, na basi likaondoka nikiwa nalo. Wiki iliyofuata namba yako ikawa haipatikani.

Wiki mbili zilizopita walikuja wafanyakazi wapya. Bosi akawa anawaelekeza, akawapa mfano wa dada mmoja aliyehesabu safu kwa namba akawaumiza watu. Nikasimama. Nikasema dada huyo hakufanya hivyo, niliyefanya ni mimi. Aliniambia niliweke kwenye maandishi, nikaandika kurasa mbili. Nakala moja imeingia kwenye faili lako, nyingine kwenye langu. Kwa ajili hiyo mwisho wa mwezi huu namaliza kazi. Nilidhani baada ya hapo nitajisikia mwepesi. Nilirudi chumbani, nikapika chai, nikakaa nayo mpaka ikapoa.

Jumamosi nikaenda Msowero. Nilimkuta mama anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea kigoda. Nilimweleza yote. Palipokuwa pagumu wifi yako alimtafsiria kwa Kisukuma. Nilipomaliza mama aliuweka ungo chini.

"Kabula alituambia ni yeye," akasema. "Nikamnunia mwanangu mpaka akaondoka."

Sikujua. Nilikuwa nadhani mzigo wangu uliubeba mle ofisini tu. Kumbe uliubeba hadi nyumbani, ukalala nao chini ya paa moja na mtu aliyeugua kwa sababu yangu, na hata yeye hukumwambia ukweli.

Nilimwomba namba yako mpya. Alikataa kwa upole, akasema hawezi kuitoa mpaka akuulize kwanza kama unataka. Ana haki. Ila akaniruhusu niandike, kaka yako atakapokuja huko akuletee. Ndiyo barua hii.

Mimi usinijibu kama moyo hautaki, nitaelewa. Lakini mpigie mama. Nilipoaga nilimwacha uani na simu mkononi, jina lako liko kwenye kioo, hajui aanzie wapi.

Mdogo wako,
Damari