Walisema Ni Uzee

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi huku Kiomboi hatujambo, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike. Unauliza kama ni kweli chakula kinaweza kumzeesha mtu. Nikusimulie ya mama mkwe wangu.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, bustani zilibaki nyuma, tukala ugali kwa chumvi muda mrefu. Mama mkwe akawa haoni kitu jua likishazama, anapapasa kuta. Wote wakasema, "Ni uzee, mwacheni." Mimi nikakataa. Nikamuuliza muuguzi aliyepita kijijini, naye akasema, "Amekosa vitamini A. Mpe maini na mboga za majani."

Maini kwetu yalikuwa ya wanaume. Mbuzi alipochinjwa, nikawafuata na bakuli.

"Unataka nini hapa?" baba mkwe akauliza.

"Maini, baba. Ya mkeo."

Wakacheka. Nikasimama palepale mpaka wakachoka kucheka. Baba mkwe akayakata, akayatia bakulini bila kunitazama.

Nilimlisha mama mkwe hayo, kisha matembele niliyopanda nyuma ya nyumba. Wiki kadhaa zikapita. Jioni moja, jua limeshazama, akaniita kutoka mlangoni: "Mkamwana, mbuzi wako anakula matembele yangu!"

Nilimfukuza yule mbuzi huku nalia kwa furaha.

Magoti yangu yamezeeka, sibishi. Lakini mtu akikuambia udhaifu wa mzee ni umri tu, muulize huyo mzee anakula nini. Na usiondoke mpaka akujibu.

Bibi yako anayekupenda